Herufi za Longinus

Kama hujui subira ni nini, ungekwenda Kasulu, kwenye stationari ya marehemu Longinus, ukaombe uchapiwe kadi moja tu ya mwaliko. Kompyuta ya pale ilikuwa inawaka kwa madaha. Unabonyeza kitufe, unafagia, unamwaga maji mlangoni kutuliza vumbi, unasalimiana na jirani na kuwaulizia wagonjwa wake mmoja mmoja, unarudi, na bado kioo kinakwambia subiri. Ikishaamka ukafungua programu ya kuchorea mabango, ndiyo kwanza safari imeanza. Inafika kwenye fonti, yaani zile aina za maandishi, inaganda.

Kosa halikuwa la mashine. Longinus alikuwa anaokota fonti kama mwanamke mwenye tamaa anavyookota kuni: mbichi, kavu, zenye miiba, zote kichwani. Mtu akimletea flashi, kabla hajaangalia kazi iliyomo, ananyonya fonti kwanza. Zilikuwa maelfu. Zilizofanya kazi zilikuwa chache, nyingine zote zilikuwa zinakula na kulala humo ndani. Ukimsema anacheka, anakwambia, "Zitakuja kufaa."

Sasa Longinus hayupo. Alianguka asubuhi moja akiwa ameinama kufunga kamba za viatu. Presha, wakasema. Mpaka bajaji inafika mlangoni, mwenyewe alikuwa ameshakwenda. Wakamsafirisha kwao Kibondo, wakamzika nyuma ya nyumba ya mama yake, kando ya migomba, chini ya msalaba wa mbao. Mkewe, Asnath, akarudi Kasulu akafungua tena duka. Akawa anafungua asubuhi, anafunga jioni, anakula kwa sababu chakula kipo. Siku moja alitia chumvi kwenye chai akanywa kikombe kizima. Jirani ndiye aliyegundua, alipokaribishwa kikombe akatema.

Na machozi? Hakuna. Siku ya mazishi hakulia. Siku ya kuanua tanga hakulia. Kule Kibondo wanawake walimtazama, kisha wakatazamana. Hakumzalia mtoto hata mmoja, na chozi nalo anamnyima? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, jamani! Ndani ya Asnath palikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua ni wako, unaugusa, haukujibu. Alikuwa anaiogopa siku ambayo ganzi ile itaisha. Zaidi ya hapo, alikuwa anaogopa kwamba haitaisha.

Basi ukoo ukapanga kwamba baada ya Pasaka watajengea kaburi, watie simenti na marumaru na kibao chenye jina. Shemeji yake Kipriani, mdogo wa Longinus, akapiga simu.

"Shemeji, kibao utatengeneza wewe. Ila kuna neno la mama."

"Neno gani?"

"Anataka jina liandikwe kwa herufi za Longinus mwenyewe. Zile za madumu. Anasema macho yake yamekwisha, anataka akipapasa amjue mwanawe. Kama siyo hizo, kibao hakiwekwi." Kipriani akashusha sauti. "Samahani, nakuambia kama alivyosema. Amesema, mke wake si ndiye amebaki na kompyuta? Aliyekauka macho, tuone kama na mikono imekauka."

"Nimesikia," akasema Asnath. Akakata simu akaendelea kutoa fotokopi.

Hizo herufi za madumu zina habari yake. Longinus alipokuwa mdogo, madumu ya maji pale kisimani kwao yalikuwa yote ya njano, yote sawasawa, na kila siku kinamama walikuwa wanakunjana. "Dumu langu hilo!" "Lako lina alama gani?" Longinus akawa anatia msumari motoni, anaushika kwa plaizi, anachoma jina la mwenye dumu ubavuni. VERONICA, la mama yake. KIPRIANI, la mdogo wake. NKUNZIMANA. GERVAS. Msumari wa moto ukigusa plastiki unazama kwanza, ndipo unatembea, kwa hiyo kila mstari wake ulianza na kishimo kinene ukaishia na mkia mwembamba. Mama Veronica hakusoma hata darasa moja, lakini alikuwa anaingiza mkono katikati ya madumu ya watu wote, anapapasa, anatoka na la kwake. Hakukosea hata siku moja.

Miaka mingi baadaye, Longinus akiwa fundi wa mabango anayejulikana Kasulu nzima, alikwenda kwao akayapiga picha madumu yaliyobaki. Akakaa jioni nyingi anayageuza yale machomo kuwa fonti ya kompyuta. Asnath alimkuta siku moja anacheka peke yake mbele ya kioo. "Njoo umwone mama!" alimwita, na pale kiooni palikuwa na VERONICA, imekaa kama ilivyokaa kwenye dumu. Tangu hapo madumu yenyewe yalipasuka, yakauzwa kwa wanaookota plastiki, likabaki la mama peke yake. Kwa hiyo fonti ile kama ipo, ipo ndani ya mashine ile tu, katikati ya maelfu, kwa jina ambalo Longinus alikwenda nalo.

Asnath akaitafuta. Aliandika Longinus, hakuna. Madumu, hakuna. Mama, Veronica, Kibondo, Kisima, hakuna. Akaanza kuzipitia moja moja kwenye programu ya kuchorea. Alipofika zinazoanza na D, mashine ikaganda ikazima. Akaiwasha tena. Ikafika D ikazima. "Basi," akasema, wala siyo kwa hasira, akaenda kumuuzia mtu kalamu.

Aliyemkwamua ni mwalimu Brighton, mtu wa Njombe aliyepangiwa kufundisha kompyuta sekondari ya pale, kijana mwenye kulalamika kila siku kwamba Kasulu kuna joto na asiyeweza kuona mashine inaumwa akapita. Alikuja kuchapa mitihani, akasubiri, akasubiri, mwisho akavuta kiti akakaa yeye mbele ya kioo.

"Dada Asnath, hii haiumwi. Imevimbiwa. Kila ikiamka inabeba fonti zote mgongoni. Unatakiwa uweke programu ya kutunza fonti. Inakuwa kama stoo. Zinakaa humo, unaitoa unayoihitaji, ukimaliza unairudisha."

"Ipo?"

"Zipo tele. Kazi ni kuchagua."

Akarudi kesho yake na flashi yenye programu tatu, akamweleza kama anavyoeleza kidato cha kwanza. Ya kwanza ni ya wakubwa, wenye magazeti na viwanda vya vitabu. Nzuri kupindukia, lakini inalipiwa kila mwaka kwa kadi ya benki, na inataka intaneti muda wote.

"Hapa intaneti huwa inakuja kutembea tu," akasema Asnath.

Brighton akacheka. Asnath hakuwa ametania.

Ya pili, akasema Brighton, inasafisha yenyewe. Inakagua fonti zote, mbovu inafuta, zilizojirudia inafuta, zisizokamilika inafuta. Unakwenda kunywa chai, ukirudi mashine nyepesi. Ya tatu ni hii ndogo, sura mbaya, imekaa kama fomu ya ushuru. Haifuti wala haisafishi. Inazima fonti na kuziwasha, na kukuonyesha zilivyo, basi. Mengine unajua mwenyewe.

"Mimi ningechukua ya pili, dada. Nisikufiche."

"Sawa."

"Sawa ya pili?"

"Yoyote. Sawa tu, mwalimu."

Ndivyo alivyokuwa anaishi siku hizo. Muuza mboga akimuuliza mchicha au matembele, sawa. Padri akimuuliza misa ya marehemu iwe ya kwanza au ya pili, sawa. Brighton akamtazama kidogo, akaiwasha ya pili. Ikafanya kazi kweli kweli, maana ikakagua fonti zote bila kuganda mara moja. Ikaleta mafungu matatu: mbovu, zilizojirudia, zisizokamilika. Chini ikauliza, zifutwe? Brighton akamsogezea kipanya. "Bofya wewe, ni mashine yako."

Asnath akaweka kidole. Macho yake yalikuwa kwenye lile fungu la mwisho.

Siku ya kuanua tanga, wazee walizitandaza nguo za Longinus uani, pale Kibondo. Nzima nzima wakagawana wadogo zake na wapwa, kila mmoja akapimiwa mabegani, mambo yakaenda kwa amani. Zilizochakaa hazikuulizwa. Mzee mmoja alizikusanya kwa fimbo akazitupia motoni. Humo lilikuwemo shati lake la kazi, limejaa rangi za mabango, limechanika kwapani tangu zamani. Katika nguo zote zile, Asnath alikuwa analitaka hilo peke yake. Aliliona linavyobebwa. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Likaungua mbele yake, na moshi wake ulinuka rangi ya mafuta.

Zisizokamilika. Na Longinus alikamilisha nini, mtu wa Mungu yule? Nyumba yao haina dari mpaka leo. Choo kina pazia, mlango unakuja mwezi ujao, mwaka wa ngapi huo. Bango la duka lake mwenyewe, yeye aliyewaandikia mabango mji mzima, limesimama kwenye herufi ya nne. Wakigombana alikuwa haumalizi hata ugomvi, anatoka katikati anakwenda kumnunulia soda. Ukiitafuta kazi ya Longinus, utaitafutia wapi kama siyo kwenye fungu la vitu ambavyo havijaisha?

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Usifute."

"Dada, hizo ni takataka tu, hata herufi zote hazi..."

"Nimesema usifute! Usifute hata moja!"

Sauti ilitoka kubwa, mtu aliyekuwa anachagua bahasha akageuka. Asnath mwenyewe alishtuka. Ilikuwa hasira, hasira nzima, ya kwanza tangu azike. Akaisikia kifuani, akataka kuishika, ikapita. Ganzi ikarudi ikakaa mahali pake.

Brighton alikuwa ameumia, usoni ilionekana. "Mimi nasaidia tu, dada."

"Najua, mwalimu. Samahani. Niwekee ile yenye sura mbaya."

Akamwekea. Siyo mtu wa kinyongo. Akazima fonti zote isipokuwa chache za kazi, na mashine ikaamka siku hiyo kama imechapwa kiboko. Kisha akamwonyesha kisanduku cha juu. Ilikuwa imeandikwa humo sentensi ya Kiingereza isiyo na kichwa wala miguu, na kila fonti chini yake ilikuwa inairudia sentensi hiyohiyo kwa mwandiko wake.

"Hapa unafuta unaandika neno lolote unalotaka. Fonti zote zitaliandika. Unashuka taratibu mpaka uione yako."

Asnath akafuta. Akaandika kwa herufi kubwa: LONGINUS.

Brighton akaaga akaenda kusahihisha mitihani yake. Asnath akabaki na mumewe.

LONGINUS kwa herufi nene kama za gunia la simenti. LONGINUS kwa herufi nyembamba za kadi ya harusi, zimesokotwa mikia. LONGINUS inayochuruzika damu, ya matangazo ya filamu za kutisha. LONGINUS yenye theluji juu yake, yeye ambaye theluji hakuwahi kuiona. LONGINUS ya jezi za mpira. LONGINUS iliyopinda, iliyopasuka, iliyovaa maua. Akishuka kidogo, wengine. Akishuka tena, wengine. Mteja akija anamhudumia, akiondoka anarudi, anashuka. Siku zikaenda hivyo, juma la pili likaingia. Alikuwa anadhani ukiona jina la mumeo limeandikwa mara maelfu, hata moja lingekuchoma. Hakuna. Alikuwa anashuka tu, kama mtu anayechambua mchele, na Pasaka ikawa inakuja.

Aliyeiona hakuwa yeye. Alikuwa mwanamke wa Kikongo anayeitwa Nadège, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kiongozi wa kwaya, aliyekuja kuchapa ratiba ya tamasha lao la Pasaka. Alikaa kwenye benchi akingoja, macho kwenye kioo.

"Mama, hii yote ni jina ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Na yeye eko wapi?"

"Alikufa."

"Oo. Pole sana, mama. Mungu akusaidie." Asnath akaendelea kushuka. Halafu Nadège akainuka. "Rudisha kidogo nyuma. Ile moja, juu ya nini haina kichwa?"

Kulikuwa na fonti nyingi zisizo na kichwa. Kila herufi isiyokuwemo, programu ilikuwa inaweka mraba mtupu mahali pake, na Asnath alishazoea: akiona mraba, fonti mbovu, anapita. Akarudi juu kwa kumridhisha mgeni.

"Hiyo! Unaona? Inafanana na bidon, dumu yetu ya mayi. Kule kambini tunachomaka vile, na musumari."

Mraba mtupu, kisha ONGINUS. Kila mstari umeanza na kishimo, umeishia na mkia. Pembeni, mahali pa jina la fonti, palikuwa na lile neno ambalo programu yenyewe huweka pale mtu asipoweka chochote. Watu wa kisimani wote aliwaandika majina, fonti yake mwenyewe akaiacha bila jina.

"Ni yenyewe," akasema Asnath.

Akasubiri. Alikuwa anajua kwamba hapa ndipo mtu analia. Nadège naye alikuwa anasubiri, ameshaandaa mkono wa kumshika bega. Hakikuja kitu. "Asante sana, dada," akasema, akamchapia ratiba yake vizuri, kwa rangi mbili.

Sasa ule mraba. Akazijaribu herufi moja moja, akaelewa. Longinus alikuwa ametengeneza herufi zilizokuwa kwenye madumu tu, na kwetu Uha majina ya L utayatafuta kwa tochi. Kwenye VERONICA haimo, kwenye KIPRIANI haimo, kwenye NKUNZIMANA na GERVAS haimo. Lake mwenyewe hakuwahi kulichoma, maana yeye alikuwa anachota kwa dumu la mama. Herufi nyingine zote za jina lake ziliazimwa kwa watu, ikakosekana ile ya kwanza.

Akampigia Brighton.

"Chukua L ya fonti nyingine," akasema Brighton. "Umeng'ang'ania maelfu, leo ndiyo yatafaa. Nani atajua?"

Kweli, nani atajua. Akaazima L hii, akaazima ile. Kila moja ilisimama mbele ya ONGINUS kama mgeni aliyekosea ukumbi wa harusi. Akachukua kalamu nene akaichora mwenyewe, akaitia kwenye skana. Ikawa kalamu tu, haikuwa na kishimo wala mkia. Akakaa akaitazama. Akasema moyoni, ile haikuandikwa kwa kalamu, wewe mjinga.

Jumapili baada ya misa akawasha jiko la mkaa uani. Akakata ubavu wa dumu bovu, akatia msumari motoni, akatafuta plaizi ya Longinus kwenye boksi lake la vyombo. Hajawahi kuchoma kitu maishani mwake isipokuwa mahindi. Ya kwanza ikatoboa ng'ambo. Ya pili ikaenda upogo. Moshi mweusi ulimjaa machoni, na hata huo haukumtoa chozi. Akachoma, akachoma, plastiki ikajaa L kama kibao cha mtoto wa chekechea. Mojawapo ikamridhisha. Akaiangalia kwa karibu, akaiangalia kwa mbali, imesimama. Akaipiga picha, akaifanya kama alivyomwona Longinus akifanya, akaiweka mbele ya wenzake. LONGINUS. Kwa macho yake, zote zilikuwa za mkono mmoja. Jumatatu akaipeleka kwa fundi wa marumaru, naye akaichimba ndani ya jiwe kama ilivyo, na tarehe chini yake kwa fonti ya kawaida.

Jumamosi akapanda basi la Kibondo, kibao mapajani kimefungwa kwa kitenge. Njia nzima kilikuwa kizito na baridi, na yeye aliwaza jambo moja tu. Mama akikikataa, basi pale kwa kina Longinus hana kwao tena. Mtoto hana, chozi hana, na mikono nayo itakuwa imekauka kama walivyosema. Aliliwaza hilo mpaka Kibondo bila kutikisika, kama anawaza habari ya mtu mwingine.

Walikuwa wameshaanza. Kaburi lilikuwa limejengewa, simenti ya kuwekea kibao imekorogwa kwenye karai, Kipriani amesimama na mwiko. Mama Veronica alikuwa kwenye kigoda kando ya migomba, macho yameingia ukungu mweupe. Asnath akapiga magoti, akamwamkia kwa Kiha huku akipiga makofi taratibu kama inavyopasa mkwe. Mama akaitikia. Wanawake waliokuwa wanamenya ndizi wakaacha kumenya.

Asnath akafungua kitenge, akakilaza kibao kwenye magoti ya mama mkwe.

"Mama, tukusomee?" Kipriani akauliza. "Simenti inakauka hii."

"Nani amekwambia mimi ni mtu wa kusomewa?"

Mkono wake ukatua upande wa kulia, kwenye mwisho wa jina, ukaanza kurudi. S. Kidole kikaingia kwenye kishimo, kikafuata mkia. U. N. "Mmh," akasema. I. Uso ukaanza kulegea. G. Alipofika kwenye N ya pili akatabasamu kabisa, akasema kwa Kiha kwamba hii alichotea nayo maji mpaka mgongo ukapinda. O. Kidole kikazunguka, kikazunguka tena, hakikutaka kutoka.

Kisha kikafika kwenye L, kikasimama.

Kikarudi juu. Kikashuka. Kikasimama palepale.

"Hii siyo ya mwanangu," akasema mama Veronica.

Mmoja wa wale wanawake akaguna. Kipriani akamtazama Asnath, mwiko mkononi. Asnath bado alikuwa amepiga magoti. Angeweza kusema mashine, angeweza kusema fundi.

"Siyo yake, mama. Hakuwahi kuichoma. Nimeichoma mimi."

"Kwa msumari?"

"Kwa msumari."

Mama akairudia, polepole, kuanzia kwenye kishimo cha juu. Akashuka katikati ya mstari akagota.

"Hapa mkono wako ulitetemeka."

"Haukutetemeka, mama."

"Leta kidole."

Akakishika kidole cha Asnath, akakiingiza kwenye jiwe, akakisukuma. Na kweli. Katikati ya mstari msumari ulikuwa umeacha njia, ukayumba, ukazama, ukayumba upande wa pili, ndipo ukarudi. Siyo kidogo. Alikuwa ameitazama herufi ile siku zote zile, kiooni, kwenye karatasi, kwenye marumaru, na macho yake hayakuwa yameliona hilo.

"Nami nilikuwa nasema umekauka," mama Veronica akasema. Hakukiachia kidole. "Mwana wanje, mwanangu. Kumbe ulilia huku."

Asnath akafungua mdomo, kama siku ile ya shati. Safari hii kikatoka. Hakikuwa kilio cha kupendeza, cha kukifuta kwa ncha ya kanga. Alilia kwa sauti, kamasi kwa machozi, paji la uso juu ya magoti ya mkwewe na juu ya jiwe, akimwita Longinus kwa jina, akimwuliza kwa nini hakumaliza kufunga viatu. Iliuma. Kila mahali palipokuwa na ganzi paliuma, na alikuwa anashukuru, na iliuma vilevile. Wanawake wakaacha ndizi wakaja.

Kipriani akachungulia karai, akajikohoza. "Mama, samahani. Simenti imekauka."

"Iache," akasema mama Veronica, mkono wake juu ya kichwa cha Asnath. "Tutakoroga nyingine."